Hatua ya Kwanza ni Kusafisha

Nilifundisha darasa la tano na la sita kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika miaka hiyo sikuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Mtoto akiniambia daftari lake limeliwa na mbuzi, nilikuwa namwambia kesho amlete mbuzi. Natanguliza hilo kwa sababu najua watu wanavyowacheka walionunua dawa za makopo. Hudhani sote tulikuwa wajinga. Mimi nilikuwa nimechoka na sukari, basi, na mtu aliyechoka husikiliza maneno ambayo zamani angeyafukuza mlangoni.

Sukari ilinikuta mwaka niliostaafu. Nakaa Michenzani, ghorofa ya tatu, na kabla ya hapo ngazi zile nilikuwa nikizipanda na kapu la sokoni mkononi huku nasalimiana na watu. Baadaye nikawa nasimama kila kituo, nashika ukuta, najifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Miguu ilinichoma usiku kucha. Lakini kilichonikera kuliko miguu ni watu. Nikienda harusini, sahani ya halua ikifika kwangu inaruka, inakwenda kwa jirani, na anayeirusha ananitazama kwa huruma. Biriani nikila, wananihesabia vijiko kwa macho. Miaka minane nilimeza vidonge vilevile viwili vya hospitali, asubuhi na jioni, na kila nilipomuuliza daktari vitaisha lini, alinijibu kwa upole kwamba havina mwisho.

Mdogo wangu naye alikuwa na sukari. Tumeirithi kwa mama, Mungu amrehemu. Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mimi kumi na minane, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsuka nywele, niliyemfundisha kusoma na kuandika, niliyemtoa ukumbini siku alipoolewa kwenda Matemwe. Kule alilima mwani pamoja na wanawake wenzake, na mumewe ni mvuvi, mtu wa maneno machache sana. Mpaka ametimiza miaka hamsini na kitu, mdogo wangu hakununua hata sufuria kubwa bila kunipigia simu kuniuliza. Nilikuwa najisifia jambo hilo mbele za watu.

Aliyeniletea makopo alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alipanda ngazi siku moja baada ya adhuhuri, amejitanda vizuri, anahema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia, mwanangu."

Alitandaza vitu vyake juu ya mkeka wangu: kopo la kijani, kopo jekundu, kopo jeupe, na kitabu kidogo chenye picha za maini na figo. Hatua ya kwanza ni kusafisha, siku ishirini na moja. Hatua ya pili ni kujenga. Hatua ya tatu ni kulinda. Zote pamoja ni siku tisini, na baada ya hapo mtu anakuwa mzima. Aliieleza kwa mpangilio mzuri, bila kubabaika, nikakumbuka kwamba alikuwa anakaa dawati la mbele na hati yake ilikuwa safi.

Nakiri kwamba mpangilio ule ndio ulionimaliza. Angeniletea mizizi kwenye gazeti ningemtoa mbio. Lakini huyu aliniletea muhtasari wa masomo, wenye mwanzo, kati na mwisho. Nilimsikiliza, nikafikiri: hospitali hawajawahi kuniambia hatua ya pili ni ipi.

Masharti ya hatua ya kwanza yalikuwa hivi. Unga wa kijani unakorogwa kwenye maji ya vuguvugu, unanywewa alfajiri kabla ya kutia kitu tumboni. Mkate marufuku, wali mweupe marufuku, sukari usiiguse hata kwenye chai. Kila siku lazima utembee. Vidonge vya hospitali vipumzishwe, kwa kuwa ini haliwezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Na la mwisho, ambalo lilikuwa limepigiwa mstari kitabuni: huenda mgonjwa akaona hali inazidi. Kichwa kitauma, tumbo litachafuka, vidonda vya zamani vitafunguka. Asiogope wala asiache, kwa sababu huo ni uchafu unatoka.

Nilianza Jumatatu. Vidonge vya hospitali nilivitia kwenye kabati la vyombo, nyuma ya bakuli za sikukuu. Jumanne asubuhi nilifungua kabati, nikavitoa, nikavimeza. Sikuwa na sababu yoyote ya kuieleza. Niliogopa, nadhani, ingawa wakati ule nisingelitumia neno hilo. Nilijiambia kesho nitaacha. Jumatano nikajiambia vilevile. Siku ishirini na moja zikaisha, na hakuna hata siku moja niliyoruka.

Sukari ikashuka. Nilipojipima na kile kimashine changu nilifikiri kimeharibika, nikapima tena kidole cha pili. Leo ukiniuliza nitakwambia mara moja kwa nini ilishuka: wiki tatu sikula mkate wa boflo, sikula maandazi, sikunywa chai ya sukari, kila jioni nilitembea, na vidonge vyangu nilivimeza. Mwanafunzi wa darasa la tano angeliona hilo. Mimi nililipa sifa kopo la kijani.

Jumamosi iliyofuata yule mwanafunzi wangu alinialika nyumbani kwake Mwanakwerekwe, ambako alikusanya wanawake wapatao ishirini sebuleni, baada ya alasiri. Kulikuwa na juisi isiyo na sukari. Aliniomba nisimame nitoe ushuhuda. Nikasimama, na mara sauti yangu ya darasani ikarudi, ile ambayo ilikuwa haijatumika tangu nistaafu. Nilieleza hatua, nikaeleza unga unavyokorogwa, nikawachekesha kidogo. Walinisikiliza bila kukohoa. Sijui niseme vipi jinsi nilivyofurahi. Kisha mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Na vile vidonge vya hospitali, Mwalimu, uliviacha kweli?"

"Nimeviweka kando," nikasema.

Wakasema mashaallah, nami nikakaa. Ningesema kweli, somo zima lingeharibika, na nilikuwa nimelifundisha vizuri mno.

Wiki ile ile nikaenda Matemwe na makopo matatu mapya. Mdogo wangu nilimkuta barazani anafunga vipande vya mbegu ya mwani kwenye kamba, mguu wa kushoto ameufunga kitambaa. Alikuwa amekanyaga kigingi cha shamba la mwani, chini ya kidole gumba. Kidonda kilikuwa kidogo, hakifiki ukubwa wa ukucha. Nilimweleza yote. Kisha nikatoa karatasi ya manila niliyokuja nayo kutoka mjini, rula, kalamu nyekundu na ya buluu, nikapiga magoti sakafuni nikamchorea ratiba. Siku zilikuwa upande mmoja, saa zilikuwa juu, na kila kisanduku kina mahali pa kutia alama ya vyema. Nilijua nikimwandikia atafuata. Tangu utotoni ndivyo alivyokuwa, kilichoandikwa na mimi alikifanya, na kisichoandikwa hakujishughulisha nacho.

Aliitazama ratiba kwa muda. "Na vile vidonge vya kituo cha afya, dada? Sivioni hapa."

"Viweke kwanza. Vipumzishe."

"Wewe uliviweka?"

Mikono yake ilikuwa bado inafunga kamba. Nakumbuka vidole vyake, na nakumbuka kwamba nilikuwa naangalia vidole vile nilipomjibu.

"Ee," nikasema.

Hakuuliza tena.

Ikawa kila asubuhi ananipigia. Siku ya sita kichwa kilimuuma. Nikamwambia uchafu unatoka. Siku ya tisa alikuwa na kiu isiyokatika, anakwenda chooni kila mara, na macho yanamfanyia ukungu. Mimi niliyekuwa na sukari miaka minane, niliyezijua dalili hizo kwenye mwili wangu kuliko ninavyolijua jina langu, nikafungua kitabu ukurasa wa saba nikamsomea: mgonjwa ataona hali inazidi. "Uchafu unatoka, mdogo wangu. Vumilia." Akasema, "Haya, dada."

Siku ya kumi na nne kidonda kilianza kutoa maji. Nikamuuliza kama ni maji matupu. Akasema maji na usaha, lakini hakimuumi, hakimuumi hata kidogo. Nilifurahi. Kidonda kisichouma nilikihesabu kidonda kinachopona, na nikamwambia hivyo. Kliniki walikuwa wametufundisha kinyume chake, kwamba mguu wa mtu wa sukari ukiacha kuuma ndipo pa kuogopa, na nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikilisikiliza somo hilo zaidi ya mara moja.

Siku ya kumi na tisa simu yake ililia, nikasikia sauti ya mumewe. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kunipigia simu ila kwa msiba.

"Shemeji," akasema, "mguu wa mdogo wako unanuka."

Nikakivuta karibu kile kitabu cha makopo.

"Nataka kumpeleka hospitali. Kasema haendi mpaka wewe useme. Nakuomba umwambie."

Hapa nikifika huwa nataka kuandika kwamba nilisema mpeleke. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta. Nilichosema ni hiki: "Zimebaki siku mbili, shemeji."

Kisha akasema haya, kwa adabu, akakata simu.

Hakuzingoja siku mbili. Alingoja moja. Kesho yake, saa tatu ya asubuhi, gari ya kukodi ilisimama chini ya nyumba yetu, na jirani akaniita dirishani. Nilishuka ngazi bila kushika ukuta. Mdogo wangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, midomo imekauka, mguu umefunikwa kanga. Harufu niliisikia kabla sijafika mlangoni mwa gari. Mumewe alifunua kanga, akaifunika tena haraka. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

Kuanzia hapo nikawa hodari. Niliingia garini, nikamwelekeza dereva njia, hospitali nikapiga kelele getini, nikaita machela, nikamsukuma mimi mwenyewe mpaka ndani na gauni langu limelowa jasho. Mdogo wangu alinishika mkono akawa ananitazama. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima, akauliza anatumia dawa gani.

"Nliacha," mdogo wangu akasema. Sauti yake haikuwa na nguvu. "Wiki tatu hivi."

"Nani kakwambia uache?"

"Hajanambia mtu. Nliacha mwenyewe tu."

Nilikuwa nimesimama pale pale, mkono wake umo mkononi mwangu. Nilidhani homa imemchanganya, amesahau. Niliomba Mungu iwe amesahau. Daktari alisema mngewahi hata wiki moja nyuma, kisha akaeleza watakata wapi. Chini ya goti.

Walimkata siku iliyofuata. Muuguzi alitoka akatuambia kiungo kiko tayari, tuje tukichukue tukakizike, na tulete kitambaa. Shemeji alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, hawezi kuinuka. Nikaenda mimi Darajani, kwenye duka la bafta.

"Mita moja," nikamwambia mwenye duka.

Aliinua macho. Bafta nyeupe hununuliwa kwa sanda, na mita moja haimtoshi mtu mzima.

"Mtoto?" akaniuliza taratibu.

Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo."

"Mungu akupeni subira, mama." Alikata zaidi ya mita, akaikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilitoka dukani nikasimama kando ya ukuta nikalia, na watu waliopita walinipa pole.

Shemeji aliupeleka mguu Matemwe, akauzika makaburini kwao, karibu na watu wake. Sheikh wa kwao alimwambia hausaliwi, unafukiwa tu kwa heshima. Alirudi jioni na mchanga kwenye kucha. Hajawahi kunitamkia lolote kuhusu ile siku moja aliyongoja. Afadhali angenitukana.

Wodini wageni walikuja kwa wingi, kama desturi yetu ilivyo mtu akilazwa. Yule mwanafunzi wangu naye alikuja, na juisi ya ukwaju na mfuko mdogo. Ndani ya mfuko mlikuwa na kopo jekundu. Alininong'oneza kwamba hatua ya pili inajenga nyama, kidonda kitafunga haraka.

Nilimtoa nje mpaka ukumbini. Kwa siku tatu nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumtapikia. Nilimwambia amemkata dada wa watu mguu. Nilimwambia akiniletea tena makopo yake nitayamwaga mbele ya watu.

Macho yake yalijaa machozi. "Lakini Mwalimu," akasema, "wewe si uliviacha vidonge ukapona? Mie niliwambia watu wote mfano wako. Mie mwenyewe mamangu nimemwachisha."

Ilinipasa niseme pale pale. Kulikuwa na mama mwengine huko, kwenye nyumba nyingine, anakunywa unga wa kijani na vidonge vyake vimefichwa kwenye kabati. Nilimwambia, "Mrejeshee mamako vidonge vyake. Leo hii." Akaniuliza kwa nini. Nikasema, "Nimesema mrejeshee," kwa sauti ya darasani, akaitikia, akaondoka. Sikumwambia kwa nini. Mpaka leo sijamwambia, na nasikia makopo bado anauza.

Mdogo wangu alipotoka hospitali alikuja kukaa kwangu, kwa kuwa kliniki ni karibu na Matemwe ni mbali. Walimpandisha ghorofa ya tatu kwa kiti, watu wanne, na tangu siku hiyo ameshuka mara za kliniki tu. Anakaa dirishani. Mwani wake wamegawana wenzake. Mumewe huja kila Ijumaa na samaki, hukaa naye mpaka alasiri, kisha hurudi kwa sababu lazima avue. Yeye sindano haziwezi. Akiona tu anatokwa jasho. Na mdogo wangu mwenyewe mikono inamtetemeka na macho hayajawa sawa. Kwa hiyo sindano ya sukari namchoma mimi, asubuhi na jioni, tumboni, nabadilisha upande.

Wageni wakija kumtazama anawahadithia. "Dada kaniokoa," anawaambia. "Mngemuona siku ile getini, wallahi, kawatoa watu mbio. Bila ya dada mie nshazikwa." Wananigeukia, wananiombea dua, mmoja aliwahi kunibusu mkono. Mimi nasema alhamdulillahi na kwenda jikoni kutia chai. Miezi saba nimeisikiliza hadithi hiyo. Kila mara anapoisimulia naona uso unaniwaka, na kila mara nimeiacha ipite.

Wiki iliyopita, baada ya wageni kuondoka, nilishindwa. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake na sindano mkononi, nishaivuta dawa. Nikaanza. "Mdogo wangu, iko kitu nataka kukwambia. Siku ile Matemwe uliponiuliza kama mimi nimeviweka vidonge..."

"Nnajua," akasema.

"Hujui. Sikiliza."

"Nnajua, dada. Kadi yako ya kliniki imo kwenye droo ya meza. Ina muhuri wa kuchukua vidonge kila mwezi, hakuna mwezi uliokosa. Nshaisoma zamani."

Kusoma nilimfundisha mimi. Nilikaa pale, sindano mkononi. Nilitaka alie, nilitaka anipige. Alikuwa anatazama nje dirishani, kwenye nyaya za umeme, na uso wake ulikuwa na ugumu ambao sijauona tangu azaliwe.

"Usinambie," akasema. "Ukinambia kwa mdomo wako itabidi nikukasirikie. Na nkikukasirikia wewe, nani atanichoma sindano?"

Kisha akapandisha gauni, akanionesha upande wa kulia, kwa kuwa asubuhi ilikuwa kushoto. Nikampaka spiriti, nikamchoma.